Bata Yuko Ndani au Nje? Mpaka wa Mfumo Ikolojia na Namna Unavyochorwa

Mwanafunzi mmoja aliniletea mchoro wa bwawa. Maji ya bluu, mimea ya majini pembeni, samaki watatu, chura mmoja, na kuvizunguka vyote hivyo mstari mwekundu uliovutwa kwa uangalifu, maana nilikuwa nimesema kila mtu aoneshe mpaka wa mfumo wake. Juu ya mstari ule alikaa bata. Ulimkata katikati: kichwa upande wa bwawa, mkia upande wa dunia iliyobaki. Nilipomuuliza mbona hivi, akajibu, "Mwalimu, huyu huwa anakuja na kuondoka. Sikujua nimweke wapi."

Nusura nimwambie achague upande mmoja. Nikajizuia. Katika darasa zima, yeye peke yake ndiye aliyegongana na tatizo lenyewe. Wenzake walikwisha kuzungusha duara na kuhamia kwenye rangi.

Zoezi hili hupewa watoto wa miaka 11 hadi 14: chora mfumo ikolojia, onesha maada inavyozunguka na nishati inavyopita kati ya viumbe hai na vitu visivyo hai. Viwango vya kufundishia sayansi vilivyotolewa Marekani mwaka 2013 vinalitaja suala la mpaka waziwazi. Mwanafunzi anayejenga modeli ya aina hii anatakiwa abainishe pia mfumo wake unaanzia wapi na kuishia wapi. Ni kipande cha sentensi tu ndani ya waraka mrefu, na kwa uzoefu wangu ndicho kipande kinachorukwa kwanza. Mpaka unageuka pambo, kama fremu ya picha, na hakuna anayeuuliza chochote.

Neno lenyewe, mfumo ikolojia, liliingia kwenye maandishi ya kisayansi mwaka 1935 kwa kalamu ya mwanabotania wa Uingereza, Arthur Tansley. Hakudai kwamba mifumo hii imekaa huko porini ikisubiri kuhesabiwa. Alieleza kwamba sisi ndio tunaoitenga akilini ili tuweze kuichunguza. Katika uhalisia mmoja umo ndani ya mwingine, mwingine umemlalia mwenzake, na yote inaathiriana. Bwawa lipo, hilo hatubishani. Lakini "mfumo wa bwawa" tumeukata sisi. Mwanafunzi asipoambiwa hili mapema huamini kwamba mpaka sahihi umefichwa mahali fulani na kazi yake ni kuubahatisha.

Ukimwambia, mtoto mwerevu huruka mpaka upande wa pili: kama tunauchora sisi, basi popote pale sawa! Hapo ndipo somo linapoanza, maana si popote. Mpaka unaamuliwa na swali unalotaka kulijibu, na Kiswahili kinatusaidia hapa bila kuombwa. Mpaka ni mstari kati ya huku na kule, na neno hilohilo ni "hadi". Kwa hiyo nikifika kwenye mada hii huandika ubaoni maswali matatu: Mpaka wapi? Mpaka lini? Mpaka nini? La kwanza ni mahali, la pili ni muda, la tatu ni orodha ya vitu tulivyokubali kuvihesabu. Watoto hucheka kidogo, ila hawayasahau.

Turudi kwenye bwawa la yule mwanafunzi. Tuseme alfajiri moja samaki wameonekana wakitweta juu ya maji na wawili watatu wamekufa. Swali ni hili: kwa nini alfajiri na si mchana? Kwa swali hilo inatosha kuchukua maji yenyewe pamoja na tope la juu lililo chini yake, na muda wa mchana mmoja na usiku wake. Mchana, mwani na mimea ya majini hufanya usanisinuru na kuongeza oksijeni kwenye maji. Jua likizama uzalishaji huo unakoma, lakini hakuna anayeacha kupumua. Samaki wanapumua, mwani wenyewe unapumua, bakteria kwenye tope wanapumua. Oksijeni inashuka saa baada ya saa na kufika chini kabisa karibu na mapambazuko. Modeli ina visanduku vitano au sita na mishale michache, na jibu limepatikana. Miti iliyo ng'ambo haihitajiki. Bata naye hahitajiki, isipokuwa kama mshale wa mavi yanayodondoka majini.

Sasa badili swali. Mbona bwawa limegeuka kijani msimu huu, na misimu iliyopita lilikuwa safi? Mpaka wa kwanza hauna msaada tena. Ukibaki ndani ya maji utaona mwani umezidi, nawe utazunguka palepale: mwani mwingi kwa sababu ya mwani mwingi. Kilichobadilika kinaweza kuwa kiko mbali na maji, kwenye shamba lililotiwa mbolea, ambako mvua ikinyesha huchota naitrojeni na fosforasi, virutubisho vinavyokuza mwani, na kuzisukuma chini bwawani. Mpaka inabidi upande mpaka kwenye vilele vinavyolizunguka bwawa, ubebe bonde lote linalomwaga maji yake humo, na muda uwe misimu kadhaa badala ya siku moja. Bwawa ni lilelile na samaki ni walewale, ila tunachokichunguza ni mfumo mwingine. Nikiwa na nafasi huwapa vikundi viwili maswali haya mawili bila kuwaambia kwamba yanatofautiana, kisha nabandika michoro yao ukutani kwa pamoja. Huwa wanashutumiana kwa dakika kama tano hivi kabla ya mmoja kuomba kusoma swali la mwenzake.

Kosa linalofuata lina mizizi mirefu zaidi. Mwanafunzi akishachora mstari, huufanya ukuta. Mishale yote inazunguka ndani, hakuna hata mmoja unaouvuka. Na jua? Limo ndani ya duara, lina macho na tabasamu, sentimita mbili kutoka kwa samaki. Siwacheki sana, kwani michoro mingi ya vitabuni nayo huliweka jua pembeni kama mapambo. Lakini ukiliweka jua ndani ya mfumo wako, umejitwisha kulieleza: limetoka wapi, linawaka kwa nini, litazimika lini. Mtoto anayechunguza bwawa hakuomba kazi hiyo. Jua likae nje, mwanga wake uvuke mstari.

Na kinachoingia lazima kiwe na hesabu yake. Wanafunzi wakishakubali kuchora mwanga unaoingia, wengi husahau kuchora chochote kinachotoka. Huwauliza swali moja tu: kama nishati inaingia kila siku na haitoki, mbona bwawa halichemki? Kimya. Kisha mmoja ananong'ona, "Joto." Ndiyo, nishati huingia kama mwanga, hupita kwenye mimea, kwenye walaji na kwenye viozeshi, na katika kila hatua sehemu kubwa hugeuka joto linalopotelea hewani na angani. Ndiyo sababu tunasema maada huzunguka lakini nishati hupita. Kauli hii watoto huikariri bila shida. Kuielewa ni mpaka waone mshale wa joto ukiuvuka mstari kwenda nje na usirudi.

Kama ningeruhusiwa mfano mmoja tu wa mpaka uliochaguliwa kwa akili, ningechukua wa Hubbard Brook, msitu wa milimani katika jimbo la New Hampshire, Marekani. Mwaka 1963 watafiti, miongoni mwao Herbert Bormann na Gene Likens, walianza kupima virutubisho vinavyoingia na kutoka msituni. Msitu hauna mlango, sasa unapima wapi? Wakachagua mabonde madogo. Kila bonde limezungukwa na ukingo wa mlima unaoamua tone la mvua litiririke upande gani, na chini yake kuna mwamba ambao maji hayapenyi kirahisi. Kwa hiyo kinachoshuka na mvua au theluji unakinga kwenye vyombo vya kupimia, na kinachotoka kinapita karibu chote kwenye kijito kimoja. Pale kijitoni wakajenga kizuizi cha zege chenye mwanya wa umbo la V, urefu wa maji kwenye mwanya ukiwaambia kiasi kinachopita. Hesabu ikawa kama ya daftari la mapato na matumizi: kilichoingia, toa kilichotoka, kinachobaki ndicho kilichoongezeka au kupungua ndani.

Daftari hilo lilisema mambo ambayo hakuna aliyeyatafuta. Safu ya "kilichoingia" ilionesha kwamba mvua ilikuwa na tindikali kali kuliko ilivyotarajiwa, na Hubbard Brook ikawa moja ya sehemu za mwanzo Amerika Kaskazini kulifichua tatizo la mvua ya tindikali. Kisha, majira ya baridi ya 1965 hadi 1966, wakakata miti yote kwenye bonde moja na kuzuia mimea isiote tena kwa miaka mitatu. Naitreti, kirutubisho chenye naitrojeni, ikapanda mara makumi kwenye kijito. Msitu uliokuwa ukivishika virutubisho vyake uliacha kuvishika, na hilo lilionekana kwa sababu mpaka ulikuwa umepita mahali ambapo kinachovuka kinaweza kupimwa. Sidhani kama kuna kigezo bora cha kumpa mtoto wa miaka 12 anayesita kuweka mstari: kama swali lako linaruhusu mipaka miwili, chagua ule ambao una vitu vichache vya kuvuka, au ambao vinavyovuka unaweza kuvihesabu. Ndiyo maana ziwa, kisiwa, pango na gogo linalooza ni rahisi kuanzia. Ukingo wa msitu unaofifia polepole kuwa nyika ni mgumu. Kuna ukanda mzima wa mpito ambao hauko huku wala kule, na mstari wowote hapo ni makubaliano.

Darasani hatuna bonde, ila tunaweza kuwa na chupa. Chukua chupa kubwa ya kioo, udongo wenye unyevu, mmea mdogo, kisha kifuniko kinachobana kisawasawa. Ipime. Tuseme mizani inasoma gramu 812. Baada ya mwezi mmea umerefuka na kutoa majani mapya, na watoto wengi wataapa kwamba chupa imekuwa nzito. Ipime tena: gramu 812. Majani mapya yametengenezwa kwa maji na hewa ya ukaa, na maada yake yote ilikuwa humohumo tangu siku ya kufunga. Mpaka ukipita kwenye kioo, maada haivuki, mwanga na joto vinavuka.

Usiishie hapo, maana utamu uko mbele. Ichukue chupa hiyohiyo uchore mpaka mwingine, safari hii kuzunguka mmea peke yake. Ghafla mfumo umekuwa wazi. Maji yanaingia kutoka udongoni, hewa ya ukaa inaingia kwenye majani, oksijeni inatoka, na jani likidondoka limevuka mpaka. Mmea huu unaongezeka uzito, na hakuna kanuni iliyovunjwa. Chora wa tatu, kuzunguka hewa tu iliyomo ndani: sasa mmea na udongo ni "nje", na hewa ya ukaa inapungua mchana na kupanda usiku kana kwamba mtu anapiga pampu. Mikono haijaigusa chupa. Ukimuuliza mwanafunzi sasa kama chupa ni mfumo uliofungwa au ulio wazi, jibu zuri ni swali: unauliza kwa mpaka upi?

Kuna wakati binadamu walijenga chupa ya namna hii ya ukubwa wa ajabu, na wao wenyewe wakaingia ndani. Septemba 1991 watu wanane walijifungia kwenye jengo la vioo na chuma katika jangwa la Arizona, Biosphere 2, lenye eneo la zaidi ya hekta moja, lina msitu mdogo, bahari ndogo na mashamba. Walikusudia kukaa miaka miwili bila kuingiza maada kutoka nje. Hapa mpaka haukuwa wa kufikirika, ungeweza kuugonga kwa kidole. Hata hivyo oksijeni, iliyoanza karibu asilimia 21 kama huku nje, ilishuka ndani ya miezi 16 mpaka takriban asilimia 14, na Januari 1993 ikabidi iongezwe kutoka nje.

Chanzo kilikuwa udongo. Ulijaa mboji, na vijidudu vyake viliivunja mboji hiyo kwa kasi, vikila oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Lakini hesabu ilikataa kukaa sawa: oksijeni ikipotea kwa njia hiyo, hewa ya ukaa ingepaswa kurundikana kwa kiasi kinacholingana, nayo haikurundikana. Imekwenda wapi? Ilikuwa imeingia kwenye zege. Kuta za ndani ziliinyonya na kuigeuza kalsiamu kaboneti. Zege ilikuwa imesimama ndani ya mpaka muda wote, lakini haikuwa na kisanduku kwenye modeli ya mtu yeyote. Waliiona kama jengo, hawakuiona kama sehemu ya mfumo. Hili ndilo swali letu la tatu, mpaka nini, na ndilo linaloadhibu vikali kuliko yote, kwa sababu mstari unaweza kuwa sahihi kabisa na orodha ikawa na tundu.

Orodha ina ugumu mwingine ambao huwa nauacha kwa wanafunzi wakubwa kidogo. Raymond Lindeman, mwanaikolojia aliyechunguza ziwa dogo la Cedar Bog Lake huko Minnesota, Marekani, na ambaye makala yake ya mwaka 1942 ilibadilisha namna ya kufikiri kuhusu nishati katika mifumo ikolojia, alijiuliza kuhusu gugu la majini linalokufa polepole, limefunikwa na viumbe vidogo ambavyo baadhi navyo vinakufa: je, liwekwe upande wa viumbe hai au wa mazingira yasiyo hai? Visanduku vyetu viwili vya "hai" na "si hai" vinaonekana imara mpaka ukiokota jani lililooza na kulitazama kwa hadubini.

Muda nao husahaulika, labda kwa sababu karatasi haina saa. Kereng'ende hutaga mayai majini, lava wake huishi humo akiwinda wadudu, hata viluwiluwi, kisha siku moja hupanda kwenye shina, huvua ngozi na kuruka zake. Modeli ya wiki moja itamhesabu kama mkazi wa bwawa. Modeli ya mwaka mzima itabidi imchore kama mzigo wa maada unaotoka majini kwenda hewani, na huenda akaliwa na ndege ambaye bwawa lako halijawahi kumwona. Ukirefusha muda mpaka miaka mia kadhaa, hata bwawa lenyewe linaweza kujaa tope na kuwa nchi kavu.

Baada ya haya yote, wanafunzi wengine huogopa kuacha chochote nje. Kikundi kimoja kilijaza karatasi mpaka kikafika kwenye mwezi. Nawaelewa, kwa sababu ukianza kufuata mishale haiishi: vumbi linalopeperuka kutoka Sahara, sehemu yake kutoka bonde la Bodélé nchini Chad ambalo zamani lilikuwa chini ya ziwa, huvuka Atlantiki na kuupelekea msitu wa Amazon fosforasi inayokadiriwa kufikia tani 22,000 kwa mwaka. Je, Sahara ni sehemu ya mfumo wa Amazon? Kwa swali la msitu unavyofidia fosforasi inayosombwa na mvua kwa karne nyingi, vumbi lazima lionekane, walau kama mshale. Kwa swali la nani anamla nani kwenye mti mmoja, achana nalo. Modeli iliyobeba kila kitu haitofautiani na kusimama nje na kutazama. Utaona vyote na hutaeleza kimoja.

Kipimo ninachowapa ni cha kidole gumba. Weka kidole juu ya kisanduku, ujifanye hakipo. Je, jibu la swali lako linabadilika? Kama halibadiliki, kisanduku kiende nje. Kama linabadilika kwa sababu ya kile tu kinacholetwa, kiondoe lakini uache mshale. Kama linabadilika kwa sababu kitu hicho na vingine vinaathiriana huku na huku, kirudishe ndani.

Siku hizi sitoi alama kwa mahali mstari ulipopita. Natoa kwa sentensi moja iliyoandikwa chini ya mchoro: tumeacha nini nje, na kwa nini. "Tumeacha upepo kwa sababu hatujui kuuchora" ni ukweli mtupu, lakini hauna alama. "Tumeacha ndege kwa sababu swali letu ni la usiku mmoja na hawa hawaji usiku" inapata zote, hata kama mimi ningechora tofauti.

Yule wa bata alirudi baada ya siku mbili. Alikuwa amechagua swali la samaki wa alfajiri. Rafiki yake, aliyetaka kujua konokono walifikaje kwenye bwawa jipya, alimweka bata katikati ya karatasi kati ya mabwawa mawili, ndani kabisa ya mstari, kwa kuwa ndege wa majini huweza kusafirisha mayai na vijiumbe vidogo. Wangu alimtoa nje. Alimchora kwenye nyasi, ameligeuzia bwawa mgongo, na kutoka chini ya mkia wake mshale wa kahawia ulionyooshwa kwa rula ulikatiza mstari mwekundu na kuzama majini. Juu yake ameandika kwa herufi ndogo: naitrojeni.